Shanga za Mwanahawa

Shekue hakuwa na maabara, hakuwa na kompyuta ya kwake, wala hakuwa na vifaa vya kuundia umbo la ile protini ya malaria aliyoipigia hesabu ujana wake wote. Alikuwa na waya tu. Mkewe, Mwanahawa, akamvulia shanga zake za kiunoni. Shekue akazipanga kwenye waya na kuukunja kama hesabu ilivyosema.

Sasa wote ni wazee. Kompyuta mpya zimethibitisha umbo lile, na chuo kikuu kimoja kimeandika kuliomba, likae kwenye kabati la kioo.

"Wageni wazitazame shanga za kiunoni mwangu? Mzee, huna haya!" Mwanahawa alicheka.

"Ndiyo kumbukumbu yangu pekee, mke wangu."

"Uliniambia utanirudishia Ijumaa," alisema Mwanahawa, safari hii bila kucheka. "Ijumaa gani hiyo?"

Shekue alilipiga picha umbo lile. Kisha akachukua koleo, akakata waya, akazitunga shanga upya kwenye uzi.

Aliwaandikia watu wa chuo: "Nawatumia picha. Shanga zina mwenyewe."

Akaifunga bahasha, wakaenda posta pamoja kuituma. Njia nzima shanga zililia taratibu chini ya kanga.