Tundu la Watu Wawili

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba Mwanakheri hakuwa na wivu hata chembe. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mwamba, gauni limelowa chapachapa, kwa ajili ya uchunguzi wa kitaalamu tu.

Maji yalikuwa yamekupwa, na watu wa mji walivuka kwa miguu hadi kisiwani kutafuta pweza na chaza. Riziki, shoga yake wa tangu utotoni, alikuwa amemleta binamu yake mgeni, Zamda. Akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye tundu la pweza ambalo yeye na Mwanakheri waliapa kutomwonyesha mtu.

"Chokoa taratibu," Riziki alimwelekeza. "Huyu bwana ana hasira."

Zamda akachokoa, akavuta. Ikatoka ndara kuukuu, imejaa mchanga.

Mwanakheri alingoja mgeni aaibike. Badala yake wale wawili walicheka mpaka wakakaa majini, wameshikana mabega, kicheko kilekile alichodhani ni chake na Riziki peke yao.

"Toka huko, mwizi wa pweza!" Riziki akaita. "Makalio yako tumeyaona zamani."

Mwanakheri akasimama.

"Pweza nimemtoa mimi kabla hamjafika," akasema. "Ndara nimeitia mimi. Na wivu ninao, shoga, tena mwingi."

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanawafika vifundoni. Riziki akamnyooshea mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umeshikwa na Zamda.