Rekodi ya Kupigwa

"Hukukwepa wewe. Umesimama tu kama nguzo."

"Mpira umenipiga, mzee. Aliyepigwa na mpira anatembea bure hadi besi ya kwanza. Sheria imebadilika lini?"

"Sheria inasema ujaribu kukwepa. Rudi hapo upige, Tuttle, usinichoshe."

Mwamuzi alikuwa ameshavua barakoa yake ya chuma, uso umeloa jasho. Nyuma yake uwanja wetu mdogo wa besiboli hapa Iowa, Marekani, wote ulikuwa umesimama, maana watu walijua. Huo mpira ukihesabiwa, mimi ndiye niliyepigwa mara nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ligi. Rekodi ya kijinga, sawa. Lakini kocha alishaniambia kesho nifungashe virago, na sikuwa na kingine cha kuacha pale chenye jina langu.

Nikapandisha mkono wa jezi. Mshono wa mpira ulikuwa umejichora begani, mwekundu, uzi kwa uzi, utadhani nimeshonwa hospitali. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Sikusugua. Kwetu ukisugua ulipopigwa, umemwambia mrushaji wa mpira kwamba amekuweza.

"Tazama," nikasema. "Na hii utaifuta?"

Mrushaji akacheka kule kwenye kichuguu chake cha kurushia. "Mleteeni barafu bibi harusi."

"Ukipiga hatua moja kwenda besi ya kwanza, nakutoa mchezoni," mwamuzi akasema.

Nikalaza gongo langu la kupigia chini taratibu, nikamgeuzia mgongo, nikaanza kutembea kwenda besi ya kwanza.