Gari Likahojiwa

Sheria ya siku hizi ni moja: ukiuza gari mtandaoni, wewe unanyamaza, gari ndilo linalohojiwa. Na mimi ndiye niliyeshikilia tuliuze. Kwa nini mume wangu, mtu mzima wa miaka sabini, aende na gari kununua mkate hapo jirani arudi baada ya saa mbili, kila mara akisema, "Foleni, Mama Ndeshi"? Foleni gani huku migombani? Nilijua kuna mwanamke.

Nikabonyeza "Nakubali kuuza", tukakaa uani tukisikiliza kampuni inayolinunua ikilihoji gari kwenye simu yangu.

"Una kasoro gani?"

"Sina. Breki nzima, betri nzima."

"Mbona umetembea kilomita nyingi hivyo?"

"Mwenye gari hupotea. Mwezi huu amesahau nyumba yake iko wapi mara tisa. Akianza kulia, mimi humrudisha."

Sheria au si sheria, nikadakia: "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Baba Ndeshi alikuwa akifikicha vidole. "Foleni tu," akasema.

Nikabonyeza kufuta, nikabonyeza tena. Simu ikajibu kwamba mauzo yamekamilika. Gari likawasha taa, likajitoa lenyewe getini, likateremka zake.

Mume wangu akachukua kikapu. "Wacha nikalete mkate. Leo nitatembea."

Nilipoinua macho kutoka kwenye simu, alishafika getini. Akakata kushoto, kwa mwendo wa mtu anayejua aendako.

Duka liko kulia.