Si Wangu Huyo

Mtoto alichomoka ubavuni mwa banda la kuku, mweusi tititi, nywele zimegandishwa kwa mafuta, kipande cha gunia kiunoni. Akazamisha uso wake wote ndani ya sketi ya Bibi Remedios na kuikamata kwa mikono miwili. Hakusema hata neno.

"We! Toka hapa!" Bibi alikuwa anaanika samaki. "Kwenu ni kule kwenye mikoko. Ona mafuta hayo! Utanichafulia nguo."

Mtoto akazidi kung'ang'ania.

Hapo ndipo bibi alipolisikia lori.

Lori hilo kila mtu alilijua katika mji ule wa chaza wa lulu, kaskazini mwa Australia. Serikali ilikuwa inawakusanya watoto chotara wa wenyeji na kuwapeleka mbali wakalelewe huko, na aliyepelekwa harudi. Ndiyo maana akina mama wa kambi ya wenyeji, kule mikokoni, wakilisikia tu, huwapaka watoto mkaa na mafuta ya kenge ili rangi yao isiwasaliti.

Mtu wa Manila, Ufilipino, kama Bibi Remedios hakuwa na la kuogopa, maadamu alikaa mahali pake. Na mahali pake palijulikana. Kwenye sinema wazungu walikaa katikati, viti vya henzirani. Nyuma yao Wajapani. Pembeni Wamalay na watu wa Manila. Na wenyeji, wenye nchi yao, waliingilia mlango wa nyuma wakakalia mabenchi. Safu moja tu ndiyo iliyomtenga bibi na mabenchi yale, naye aliilinda kama mboni ya jicho. Ruby, mwenyeji aliyemfulia nguo, alinywea chai kopo lililotundikwa nje kwenye msumari. Watoto wa kambini bibi hakuwatazama hata usoni. Ukimtazama mtoto, alikuwa akisema, atakuzoea.

Konstebo Pruett akashuka, akavua kofia, akajipepea nayo.

"Mama Manila, hujambo na jua hili? Na huyo?"

"Jua linatuua, afande." Bibi alitabasamu, macho hayabanduki kwa konstebo. "Huyu? Hata simjui."

Konstebo akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua bega la mtoto. Chini ya mkaa ikatokea rangi ya maji ya kunde.

"Haya, wamepaka tena. Nauliza mara moja tu. Ni wa nyumba hii?"

Neno moja lingetosha. Mtoto wa nyumba ya Manila haguswi. Lakini mtu wa Manila akikutwa anaficha watoto wa kambini, anahesabiwa pamoja nao. Wangeweza kumpandisha meli kumrudisha alikotoka, yeye na mwanawe Benito mpiga mbizi. Na mjukuu wake Pasita, aliyeondoka asubuhi na gauni lake jeupe kwenda kujifunza kushona kwa masista, angeachiwa nani?

"Si wangu huyo," akasema. "Wa kambini."

Akaanza kuvibandua vidole vya mtoto, kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu za ajabu.

Nyuma ya lori walikuwemo wengine. Lilipoondoka walilia wote kwa pamoja, kila mmoja akimwita mtu wake. Bibi akaingia ndani, akafunga dirisha.

Lakini nyumba ilimkataa. Kila alipopita uani alihisi sketi inavutwa kwa nyuma. Akageuka, hapakuwa na mtu. Akabadili sketi, nayo ikavutwa. Kuku walikuwa wamejikunyata pembeni kimya, wanamtazama. Alikuwa wa nani yule? Kisha akajua: kimo kile ni cha Neli, binti wa Ruby. Ruby atakuja sasa hivi. Atamwambia nini? Sikuwepo. Nilikuwa nimelala.

Akajisingizia mapishi. Wali, samaki wa siki na tangawizi. Pasita hali mpaka ategewe kitendawili, basi akamtafutia cha leo: nikiwa mzima mweusi, nikighadhibika mwekundu, nikifa mweupe. Mkaa. Bibi akautazama mkono wake uliochafuka, akakiacha, akatafuta kingine.

Jua likapinduka. Pasita anachelewa. Masista hawa na sala zao!

Mlango wa ua ukalia. Ruby aliingia akihema, kifurushi kwapani, na mgongoni amembeba Neli, mzima, mkaa mpaka kwenye kope.

Bibi Remedios alikaa kitako pale pale chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Neli! Ruby, mwanangu, kumbe unaye!" Akainuka, akaenda kabatini akachukua kikombe cha maua, kile cha wageni, akamimina chai. "Kaa. Kaa kitini, bwana!"

"Leo kuna nini, Shangazi?" Ruby naye alicheka. "Siku zote unaniambia wewe si shangazi yangu. Lori limekwenda kweli?"

"Limekwenda. Kunywa."

"Limetuzukia ghafla, watoto wanacheza kijitoni. Na wale hawaulizi, Shangazi. Wakiikuta rangi ile kambini, ni lorini tu. Nikawapaka wote wawili. Neli nikampandisha mtini." Akafungua kifurushi mezani: gauni jeupe, viatu. "Usimgombeze kwa kutoroka kwa masista, mtoto ni mtoto. Nilimwambia akimbie nyumbani akushike sketi, asiseme neno mpaka nije. Kwako nani atamgusa? Haya, mwite nimwogeshe mwenyewe. Mafuta ya kenge hayatoki kwa maji matupu."