Vazi la Mama Lisilofuliwa

Kila sikukuu ya Mungu Mama, Wacham na Waviet, makabila mawili ya Vietnam, huiogesha sanamu yake na kuivisha upya katika mnara wa hekalu, kisha wachezaji huvaa mavazi yanayokumbuka miili ya marehemu. Jioni mavazi hufuliwa, na kumbukumbu hufutika.

Nhuan alivaa la marehemu mama yake Mcham, akacheza na mtungi kichwani bila kuushika, yeye asiyewahi kujifunza. Hakukubali lifuliwe, alitoroka hadi nyumbani likiwa bado mwilini. Jikoni mikono yake ikaanza kukunja tambuu yenyewe, naye akaitazama kwa mshangao.

“Chokaa nyingi, kama kawaida yako,” baba yake Mviet akatania, kama alivyozoea kumtania mkewe.

“Na wewe kulalamika huchoki, mzee!” akajibu kwa Kicham, lugha asiyoijua.

Baba akacheka, akasogea karibu. Nhuan alitaka kulivua vazi, lakini mikono haikumtii.