Kidole Kwenye Valvu
Fundi alipochomoa mpira wa kupimia gesi kwenye kiyoyozi cha mama mkwe wake mtarajiwa, sindano ya valvu ilikwama ikiwa wazi, na gesi aliyokuwa ametoka kuiongeza ikaanza kufoka. Akaiziba kwa kidole gumba. Kifuniko cha valvu kilikuwa chini, penye mguu wa ngazi aliyopanda, kimetulia kama mgeni rasmi.

Kidole kiliuma, kikafa ganzi, kikaota barafu kuzunguka ukucha.

Mama alichungulia dirishani. "Baridi imekubali, baba. Shuka uwasalimie wajomba wa mchumba wako, ndio wenye kauli ya ndoa. Wanaondoka."

"Naomba wanisubiri kidogo, mama. Nikiachia hapa, gesi yote inaisha."

Mama akageukia ndani. "Anasema mumsubiri," akatangaza kwa sauti ya msiba.

"Sisi?" mjomba mmoja akauliza.

Vikasikika viti vikiburutwa, kisha viatu vikielekea mlangoni.