Mpangaji Anayekula Uani

Kwa mara ya nne wiki ile, Ukasha alichukua sahani yake akaenda kulia uani, peke yake, kama mtu aliyesusa.

Mwatima alimtazama kupitia upenyo wa mlango, kampakata Nusra, mjukuu wake wa miezi minane, anayelala naye kitanda kimoja. Ukasha alikuwa mvuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ya msimu kisha wakahama. Huyu alitokea Msumbiji. Alipewa chumba kwa upole wake, na sasa upole huohuo ndio uliomtia Mwatima wasiwasi. Akisemeshwa, anageuza uso. Kila asubuhi anafungua madirisha yote, hata mvua ikinyesha. Na Nusra, aliyekuwa kibonge, mikono imebaki vijiti.

"Yule ana kifua," Mwatima alimwambia jirani yake Kijakazi, huku akichochea moto wa kukaushia mbata. Moshi ukampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Hawa wa dago wanatembea na maradhi yao kama mikeka."

"Umemsikia akikohoa?"

"Anajizuia, mjanja yule!"

Kijakazi akacheka. "Basi shoga, hata paka wako ana kifua, maana naye sijamsikia."

Jumanne Mwatima alijionea mwenyewe. Ukasha alisimama njiani na watu wa shirika moja la kimataifa linalowapima wavuvi wahamiaji kifua kikuu kambini. Alikuwa akinong'ona, akionyesha nyumba ya Mwatima kwa kidole. Anawaomba wamruke, Mwatima akawaza. Mjukuu wangu ndiye atakayezikwa.

Kesho yake nesi wa shirika, Safia, akashuka kwenye pikipiki mlangoni, na boksi la vikopo vya makohozi.

Mwatima hakungoja salamu. "Mchukueni! Yuko uani. Mtoto anakwisha huku namwona!"

Nesi hakwenda uani. Alivaa barakoa, akakaa karibu na dirisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesema yuko uani."

"Ukasha tunamjua. Aliugua kifua kikuu kwao, akamaliza dozi, akapona. Ndiye aliyetuita." Akafungua kikopo. "Anasema naye alikohoa hivyohivyo kama wewe mwaka mzima, akidhani ni moshi. Nipe mtoto kwanza, bibi, kisha utemee humu."